Kiangazi katika Wilaya ya Rungwe

Kiangazi katika Wilaya ya Rungwe ni kipindi cha mvua chache kinachoanza takriban mwezi Juni na kuendelea hadi Oktoba katika wilaya hiyo ya Mkoa wa Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania. Makao makuu ya wilaya ni mji wa Tukuyu. Tofauti na pwani, ambako neno kiangazi humaanisha miezi ya joto kali, kiangazi cha Rungwe huanza na baridi na ukungu, na ukavu wenyewe huonekana zaidi kuanzia Agosti. Ndicho kipindi cha likizo, matembezi ya milimani, michezo na sherehe. Pia kina hatari zake, hasa moshi wa mkaa ndani ya nyumba, gesi ya volkano mabondeni, miamba yenye utelezi na moto wa msituni.

Hali ya hewa

Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini Tanzania. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Sababu ni mahali pa wilaya penyewe. Upepo wa kusini mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa, huchukua unyevu, kisha hugonga milima na kulazimika kupanda. Hewa inapopanda hupoa, na unyevu hugeuka mawingu na mvua. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Novemba hadi Mei, na kilele chake ni Aprili.

Mwezi Juni na Julai mvua hupungua lakini haikatiki kabisa. Asubuhi huwa na ukungu na manyunyu, na usiku joto mjini Tukuyu hushuka hadi karibu na nyuzi 10 za Selsiasi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huita kipindi cha Juni hadi Agosti kipupwe na hutoa utabiri wake wa baridi na upepo. Septemba na Oktoba ni miezi mikavu zaidi: nyasi hukauka, barabara za vumbi huenea, na mchana huwa na jua kali.

Tofauti za kimo ndani ya eneo dogo ni kubwa. Tukuyu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kilele cha Mlima Rungwe kiko karibu mita 2,960, na ufuko wa Ziwa Nyasa katika wilaya jirani ya Kyela uko chini ya mita 500. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kilele cha Rungwe huwa na baridi ya nyuzi 9 hivi zaidi ya mjini, ilhali Kyela huwa na joto la nyuzi 6 au zaidi kuliko Tukuyu. Mtu anaweza kuvaa koti asubuhi Isongole na kutokwa jasho mchana Matema.

Baridi na jiko la mkaa

Wakati wa baridi familia nyingi huingiza jiko la mkaa ndani ili kuota moto, na wengine huliacha likiwaka usiku. Hii ndiyo desturi ya kiangazi yenye hatari kubwa zaidi nyumbani. Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haionekani wala haina harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anapumua.

Mkaa huonekana salama kuliko kuni kwa sababu hautoi moshi mwingi. Ukweli ni kwamba moshi wa kuni humkereketa mtu na kumlazimisha kufungua mlango, lakini gesi ya mkaa haimpi onyo. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea kwa viungo. Aliyelala hazitambui, na anaweza kufa bila kuamka. Watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa wa moyo hudhurika upesi zaidi. Kukiwa na watu kadhaa wanaolalamika kichwa kwa wakati mmoja katika chumba kimoja, gesi ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Hatua za kujikinga ni hizi:

- Jiko liwashwe nje, na likiingizwa ndani dirisha au mlango ubaki wazi.
- Jiko litolewe nje kabla ya watu kulala, hata kama mkaa unaonekana kufifia. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado hutoa gesi.
- Kuziba nyufa na madirisha kwa matambara kusiende pamoja na kuwasha jiko.
- Chumba kipashwe joto kwa njia nyingine: blanketi za ziada, soksi, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa kitambaa.

Mtu akikutwa amezidiwa, milango hufunguliwa mara moja, hutolewa nje kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali haraka. Kumpa maziwa mtu aliyepoteza fahamu hakuondoi gesi kwenye damu, na kunaweza kumpalia.

Gesi ya volkano mabondeni

Rungwe ni nchi ya volkano. Mlima Rungwe, Ngosi na Kiejo ni volkano, na Kiejo ilitoa lava mara ya mwisho karibu na mwaka 1800. Milima imetulia, lakini ardhi bado hutoa gesi ya kaboni dioksidi kupitia nyufa na chemchemi, hasa upande wa Kiejo na bonde la mto Mbaka. Gesi hiyo huvunwa kibiashara wilayani, na hutumika katika vinywaji vyenye gesi.

Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Usiku wa kiangazi usio na upepo, hutiririka na kujaa kwenye mashimo na vibonde kama maji. Hatari ni kubwa zaidi alfajiri, kabla jua na upepo havijaitawanya. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, mahali pa aina hiyo huitwa mazuku na watu wamepoteza maisha humo. Nchini Kamerun, mwaka 1986, gesi hiyohiyo ilitoka kwa ghafla ndani ya Ziwa Nyos na kuua watu wapatao 1,700.

Alama za tahadhari ni ndege, wadudu au panya waliokufa ndani ya kibonde, majani yaliyonyauka kwa duara, na maji baridi yanayotokota kwa mapovu. Mahali kama hapo watoto hawapaswi kuchezea wala wachungaji kulala. Mtu akianguka ndani, anayemfuata bila kifaa cha kupumulia huanguka naye; vifo vingi vya gesi hutokea kwa waokoaji. Njia iliyo salama zaidi ni kumvuta kwa kamba au mti mrefu kutoka juu na kuita msaada. Kanuni hiyo hutumika pia kwa visima na mashimo ya choo yanayochimbwa wakati wa kiangazi.

Matembezi na mahali pa kupumzikia

Ziwa Ngosi liko ndani ya kreta katika milima ya Uporoto. Lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na kina cha mita 70 na zaidi. Njia hupita katika msitu mnene hadi ukingo wa kreta, na watu wengi huishia hapo kutazama maji. Kuta za kreta ni wima na udongo wake huteleza hata siku kavu, kwa hiyo kushuka hadi ufukoni kunahitaji mwongozaji wa kijijini. Maji ya ziwa yana chumvichumvi na gesi kutoka ardhini. Si ya kunywa.

Mlima Rungwe hupandwa na kushukwa kwa siku moja na watu wenye afya njema, wakianza mapema asubuhi. Mmojawapo wa mianzo inayojulikana ni Rungwe Misheni, iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1891. Mwezi Juni na Julai jua huzama kwenye saa 12 na nusu jioni, na ukungu unaweza kufunga njia mchana kweupe. Anayepanda huhitaji koti la mvua, nguo ya joto, maji, chakula, tochi na mwenzake. Ukungu ukishuka, ni salama zaidi kusimama na kusubiri kuliko kutafuta njia ya mkato. Misitu ya mlima huo ni makazi ya kipunji, nyani mdogo wa mitini aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003.

Daraja la Mungu ni daraja la asili la mwamba wa volkano lililo juu ya mto Kiwira. Mbele kidogo kwenye mto huohuo kuna Kijungu, mahali ambapo maji huingia kwa nguvu katika shimo lenye umbo la chungu na kupita chini ya mwamba. Mahali pote pawili miamba huwa na ukoka na unyevu mwaka mzima. Kupungua kwa maji wakati wa kiangazi hufanya mto uonekane mpole, lakini mkondo wa chini ya mwamba hauachi kuvuta, na aliyeanguka humo hana pa kutokea. Picha hupigwa mbali na ukingo, na watoto hushikwa mkono.

Maporomoko ya Kaporogwe, kusini mwa Tukuyu, yana pango nyuma ya maji. Ziwa Masoko ni ziwa dogo la kreta lililo karibu na jengo la boma la Wajerumani. Hapo husimuliwa kwamba Wajerumani walitupa fedha ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kama maziwa mengine ya kreta, kina chake huongezeka ghafla hatua chache kutoka ufukoni, jambo linalowahatarisha wasiojua kuogelea.

Wakazi wengi wa Tukuyu hushuka Matema, Kyela, kuogelea katika Ziwa Nyasa. Huko hali hubadilika: kuna mbu wa malaria, hivyo chandarua ni lazima. Upepo mkali wa kusini mashariki, uitwao mwera, huinua mawimbi makubwa kati ya Mei na Agosti. Kuogelea karibu na midomo ya mito huepukwa kwa ajili ya mamba, na maji yaliyotuama yenye majani huepukwa kwa ajili ya kichocho.

Michezo na sherehe

Likizo ya shule ya mwezi Juni, Saba Saba na Nane Nane huangukia kiangazi. Maonyesho ya Nane Nane ya nyanda za juu kusini hufanyika katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Mashindano ya mpira wa miguu vijijini huchezwa zaidi wakati viwanja vimekauka. Wilaya ina historia yake katika mchezo huo: Tukuyu Stars, waitwao Banyambala, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986.

Chakula na maji

Mito ya Rungwe haikauki, na hilo huwafanya wengi kuamini kwamba maji yake ni safi. Kwa kuwa juu ya chanzo kuna mashamba na mifugo, maji ya mto huchemshwa kabla ya kunywewa. Vivyo hivyo maziwa: Rungwe ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa, na maziwa mabichi yanaweza kuambukiza kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba ya mifugo, iitwayo bruselosi. Kuyachemsha huua vimelea vya magonjwa yote mawili.

Moto wa msituni

Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza, nyasi na majani makavu hushika moto kwa urahisi. Mioto mingi huanzia kwa watu: kuchoma mashamba, kurina asali kwa mienge, au moto wa kambi ulioachwa. Ukifika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), huharibu makazi ya kipunji na vyanzo vya mito inayoteremka hadi Ziwa Nyasa. Anayechoma masalia ya shamba hulima kwanza ukanda mtupu kulizunguka, huchoma jioni upepo ukitulia, hujulisha majirani na serikali ya kijiji, na haondoki mpaka majivu yapoe.

Barabarani

Barabara kuu ya Mbeya, Tukuyu hadi mpaka wa Malawi huko Kasumulu ina kona na miteremko mirefu, na hupitiwa na malori mazito. Asubuhi ya ukungu, taa za chini huwashwa hata mchana, kwani taa kali hurudishwa na ukungu na kumpofusha dereva. Abiria wa bodaboda huvaa kofia ngumu, na waendao kwa miguu husaidiwa na nguo za rangi nyeupe au ya kung'aa.

Msaada wa dharura

Simu ya dharura nchini Tanzania ni 112 kwa polisi na 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hospitali ya wilaya iko Makandana, Tukuyu; nyingine ni Igogwe na Itete. Kwa kuwa baadhi ya mabonde na misitu haina mtandao wa simu, watembeao huacha nyumbani taarifa ya wanakokwenda na saa ya kurudi.