Hashiya za Jack Kirby



Najua baadhi yenu mtacheka. Mtu mzima, mwalimu wa historia, mvi zimeshajaa kichwani, anataka kuzungumza habari za vitabu vya katuni na filamu za watu wanaoruka angani. Chekeni, kisha nisikilizeni, kwani jambo lenyewe ni la kazi yetu hii hii: nani alitunga nini, ushahidi wake uko wapi, na nani aliufunika. Na katika kisa hiki mmoja wa walioufunika ni mie.

Mwaka 1998, nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kufundisha huku Ohio, nilinunua ukurasa mmoja wa Thor wa mwaka 1966. Sikununua kitabu. Nilinunua ukurasa wenyewe, uliochorwa kwa mkono na Jack Kirby. Muuzaji alikuwa amepanga bidhaa zake juu ya meza katika ukumbi wa hoteli, akataka dola 900 na hakupunguza hata senti. Mama watoto aliniuliza kama karatasi ile inaliwa. Nikaipeleka kwa fundi wa fremu nikamwambia aipambe vizuri, naye akaizungushia ukingo mpana wa kadi nyeupe, akaweka kioo, ikapendeza. Ikakaa ukutani miaka kumi na moja.

Kwa asiyeijua kazi hii, kitabu cha katuni cha Marekani enzi zile kilipita mikono mingi. Mmoja alichora kwa penseli juu ya karatasi nzito, kubwa karibu maradufu ya kitabu kitakachochapwa. Mwengine aliandika maneno ya wahusika ndani ya viputo. Wa tatu alitia wino juu ya penseli. Kisha ukurasa ukapigwa picha kwa ajili ya kuchapwa, na rangi zikaongezwa baadaye mahali pengine kabisa, ndiyo maana ukurasa wa asili ni mweusi na mweupe tu. Ukiusogelea unaona mambo ambayo kitabu hakikuonyeshi: wino mweupe uliofunika kosa, kijikaratasi kilichobandikwa juu ya maneno ya mwanzo, mihuri ya ofisi nyuma. Ukurasa wangu ulitiwa wino na Vince Colletta, aliyesifiwa kwa wepesi wake na kulaumiwa kwa kufuta watu na majengo ambayo Kirby alikuwa ameshayachora, ili amalize kazi mapema. Ukiuinamisha kidogo kwenye mwanga unaona, nyuma ya Thor, askari wawili wa penseli ambao hawakufika kitabuni. Maskini, waliuawa kwa kifutio.

Mwaka 2009 tulihama nyumba, kioo kikapasuka njiani. Nilipoutoa ukurasa kwenye fremu ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza yaliyokuwa chini ya ile kadi nyeupe. Pembezoni mwa kila picha kulikuwa na maandishi ya penseli, herufi kubwa za haraka haraka: huyu anakataa, baba yake anakasirika, huyu mwengine anaona hatari kabla ya wenzake. Miaka kumi na moja nilikuwa nimeyafunika kwa pesa zangu mwenyewe.

Sisi tuliosomea miswada tunaijua heshima ya hashiya. Mara nyingine matini yenyewe ni ya kawaida, ila pembeni mtu ameandika mistari miwili inayobadilisha historia nzima ya kitabu. Basi hashiya za Kirby ni za namna hiyo, na sababu ni jinsi kampuni ya Marvel ilivyofanya kazi miaka ya 1960. Stan Lee alikuwa mhariri na mwandishi, na vitabu vilikuwa vingi kuliko siku za wiki. Yeye na mchoraji walizungumza hadithi kwa muhtasari, mchoraji akaenda kwake, akaipanga hadithi tukio kwa tukio, ukurasa kwa ukurasa, akairudisha ikiwa imechorwa. Hapo ndipo Lee aliandika maneno ya wahusika. Maelezo ya pembeni yalikuwa ya kumwambia Lee nini kinatokea katika kila picha. Fikirini maana yake. Kama mwandishi anaelezwa na mchoraji kinachotokea katika hadithi, hivi mtunzi ni nani?

Kitabuni hashiya hazikuchapwa. Msomaji aliona tu kwamba Lee ameandika na Kirby amechora, akaamini kwamba mmoja alitoa akili na mwengine akatoa mkono. Lee mwenyewe amesimulia mara nyingi kisa cha Silver Surfer, yule mtu wa fedha anayepanda ubao kati ya nyota, katika Fantastic Four namba 48 ya mwaka 1966: kurasa zilipomfikia alimkuta humo mhusika ambaye hawakumzungumza, akauliza huyu nani. Sisemi kwamba Lee hakufanya kitu. Maneno yake yana mzaha na uchangamfu ambao Kirby peke yake hakuwa nao, na aliyesoma vitabu ambavyo Kirby aliandika mwenyewe baadaye atakubali. Lakini deni ni deni.

Kirby alizaliwa New York tarehe 28 Agosti 1917, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, jina lake la ukoo likiwa Kurtzberg. Yeye na Joe Simon ndio waliomleta Captain America, ambaye kitabu chake cha kwanza kina tarehe ya Machi 1941. Walilipwa kwa kazi, na mhusika akabaki kwa kampuni. Ndivyo biashara ilivyokuwa. Mwaka 1938 Jerry Siegel na Joe Shuster walimuuza Superman kwa dola 130, yeye na haki zake zote. Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ikiwa inatayarishwa, wachoraji wenzao walipiga kelele magazetini mpaka wazee wale wawili wakapewa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na majina yao kurudishwa. Filamu ikatoka 1978, nami nikaiona Mombasa miaka michache baadaye, nimebanwa kati ya kaka zangu wawili, tukitoka tunaruka ngazi za sinema. Hundi iliyokuwa na zile dola 130 ndani yake iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi ya malipo ilishinda malipo yenyewe mara elfu na zaidi.

Zamani kurasa za asili hazikuhesabiwa kuwa na thamani. Zilikatwa, zilitupwa, zilipewa wageni waliotembelea ofisi, na nyingine ziliibwa kutoka kwenye bohari. Miaka ya 1970 kampuni zikaanza kuwarudishia wachoraji kurasa mpya. Za zamani zikabaki kuwa ugomvi. Mwaka 1984 Marvel ilikubali kumrudishia Kirby kurasa 88, kwa sharti atie saini hati ya kurasa nne ambayo wenzake hawakupewa. Wao walipewa fomu fupi. Kwa hati ile angekuwa mlinzi tu wa michoro yake, bila ruhusa ya kuiuza wala kuionyesha. Akakataa. Wachoraji na waandishi wenzake wakatia saini barua za kumuunga mkono, na mwaka 1987 akapata kiasi cha kurasa 1,900 hadi 2,100. Alizochorea kampuni ile zinakadiriwa kuwa 10,000 hadi 13,000. Alifariki Februari 1994, kabla ya bahati ya filamu.

Bahati yenyewe mnaijua. Marvel ilifilisika 1996. X-Men ikatoka mwaka 2000, Spider-Man 2002, Iron Man 2008, na mwaka 2009 Disney ikainunua kampuni kwa karibu dola bilioni 4. Black Panther ya 2018, ambaye Lee na Kirby walimtoa mara ya kwanza Julai 1966, ilipita dola bilioni 1.3. Mie huzifuata zote, na nyingine hulala katikati. Katika X-Men nilimfuata Storm, yule bibi wa radi na mvua waliyemtunga Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, kwa sababu mama yake ati ni binti wa kifalme wa Kenya anayeitwa N'Dare. Nimetafuta kabila lenye kuandika jina hivyo, sijalipata. Katika filamu ya kwanza Halle Berry alimpa lafudhi ambayo haikupata kusikika kutoka Lamu mpaka Kisumu, na katika ya pili ikapotea yenyewe, alhamdulillahi.

Mwaka ule ule wa 2009 watoto wanne wa Kirby walidai kurudishiwa hakimiliki ya baba yao. Mahakama ya New York ikaamua 2011, na ya rufaa 2013, kwamba kazi ile ilifanywa kwa agizo na gharama ya kampuni, kwa hiyo ni ya kampuni. Wakapeleka maombi Mahakama ya Juu, na Septemba 2014, siku chache kabla majaji hawajayajadili, pande mbili zikapatana kwa siri. Baada ya hapo jina la Kirby likaanza kuandikwa kwa utaratibu karibu na la Lee. Filamu ya Fantastic Four ya 2025 imeiita dunia yake 828, yaani mwezi wa nane tarehe 28, na inamalizika kwa jina lake. Nilikaa mpaka mwisho kuliona.

Sasa turudi ukutani kwangu. Mwanangu, alipoiona filamu ya Thor mwaka 2011, alikuwa na umri wa miaka 12. Akasimama mbele ya ukurasa akaniuliza: "Baba, huyu mzee alikuuzia mwenyewe?" Nikasema la. "Basi aliyekuuzia aliupata wapi?"

Hapo ndipo palipo na mwiba. Ukurasa wangu huenda ulikuwa kati ya zile zilizorudishwa 1987, akauuza Kirby au familia yake kwa haki. Huenda ulikwenda kwa Colletta, maana watia wino nao walipata fungu lao. Na huenda ulitoka bohari chini ya koti la mtu. Muuzaji hakunipa karatasi yoyote, nami, mwanahistoria mzima, sikuuliza. Wangapi katika sisi tumetumia miswada ya Waswahili iliyoko London au Hamburg bila kuuliza Muhamadi Kijumwa wa Lamu alilipwa nini kwa kuwanakilia wale wataalamu wa Kizungu?

Soko halijali maswali hayo. Mwaka 2008 mtu asiyetaka kutajwa aliipa Maktaba ya Bunge la Marekani kurasa 24 za asili za Amazing Fantasy namba 15, zilizochorwa na Steve Ditko, ambamo Spider-Man alizaliwa. Angeziuza angekuwa tajiri. Januari 2022 ukurasa mmoja wa Mike Zeck wa mwaka 1984, Spider-Man akivaa nguo nyeusi, uliuzwa mnadani Dallas kwa dola milioni 3.36. Wenzetu mlio Uingereza mna sheria tangu 2006 inayompa msanii fungu lake kazi yake inapouzwa tena kupitia wafanyabiashara wa sanaa. Huku hakuna sheria ya taifa zima ya namna hiyo.

Baada ya mnada ule niliandikiwa na mnunuzi aliyetaja kiasi cha kulipa ada ya binti yangu chuoni miaka miwili. Bado sijauza, wala siapi kwamba sitauza. Nilichofanya ni kuupiga ukurasa picha safi, mbele na nyuma, pembe mpaka pembe, nikaipeleka kwa Jack Kirby Museum, ambao wanakusanya nakala za kurasa zake kutoka kwa wenye nazo. Katika barua niliandika mwaka niliounua, mahali na bei, na kwamba sina hati. Kisha nikaurudisha kwa fundi, si yule wa mwanzo, nikamwambia afanye fremu isiyo na kadi. Akanionya kwamba utaonekana mchafu, yale maandishi ya penseli pembeni yatamsumbua mtazamaji. Nikamwambia ayaache.