Jina la Mkondo Ujizalishao

Mwaka 1971, Bickerton, Connor na Taylor wa Culham, Uingereza, walibashiri kwamba plazima, yaani gesi ya moto mkali inayozuiwa kwa sumaku ndani ya tokamaki, yaweza kujizalishia mkondo wa umeme. Majaribio ya miaka ya 1980 yaliuthibitisha ubashiri huo. Jina la Kiingereza lilitokana na msemo wa mtu ajiinuaye kwa kuvuta vitanzi vya buti zake: jambo la muhali. Walakini mkondo huo si muujiza. Huletwa na shinikizo lililo kubwa katikati kuliko kingoni. Mfasiri akishika buti ataipoteza maana. “Mkondo wa shinikizo” hutaja chanzo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, fizikia husomeshwa Chiromo, upande wa magharibi; isimu, bewa kuu la mjini. Istilahi sahihi yawataka wataalamu wa pande zote mbili wakae baraza moja.