Saa ya Sala na Mwendo wa Jua

Liko swali linaloulizwa kila mahali penye shule na penye nyumba ya ibada, nalo ni hili: Je, sayansi na dini ni ndugu wa tumbo moja, au ni wake wenza wasiokaa jiko moja? Wengi hujibu kwa kutaja jina la mzee Galileo na hukumu aliyopewa, wakadhani kuwa neno limekwisha. Mimi nami nitamtaja, lakini si kwanza, maana ukianza kisa kwa ugomvi hutajua wagombanao walikujaje kukaa nyumba moja. Nitaishika elimu moja tu, elimu ya nyota, kwa kuwa ndiyo kongwe kupita zote.

Katika nchi ya Babeli, waandishi wa mahekalu walikesha usiku wakitazama mbingu, wakaandika waliyoyaona juu ya vibao vya udongo mbichi kwa kalamu ya tete. Kazi hiyo iliendelea karibu miaka 600, tangu karne ya saba kabla ya kuzaliwa Kristo hata karne ya kwanza, na vibao vingi viko London hata leo. Hawakukesha kwa kupenda elimu tupu. Waliamini kuwa miungu huandika mapenzi yao mbinguni, na kupatwa kwa mwezi kwaweza kuwa habari ya kufa kwa mfalme. Wakati wa Esarhaddon, mfalme wa Ashuru, ilipoonekana ishara mbaya ya namna hiyo, mtu mwingine aliketishwa katika kiti cha enzi badala yake ili baa limpate yeye, na siku zake zilipotimia akauawa. Basi mtaona kuwa kuijua siku ya kupatwa halikuwa jambo la mchezo. Kwa kuhesabu sana waligundua kuwa kupatwa hurudia kwa utaratibu ule ule baada ya miezi 223, yaani miaka 18 na siku 11 hivi. Hofu iliwafundisha hesabu. Hata dakika 60 tunazozihesabu katika saa asili yake ni hesabu yao ya sitini sitini.

Wayunani walichukua hesabu hizo wakauliza swali ambalo watu wa Babeli hawakulijali sana: vitu hivi ni nini hasa? Anaxagoras alisema ya kuwa jua ni jiwe la moto, kubwa kuliko nchi ya Peloponnese. Watu wa Athene walimshitaki kwa kuidharau miungu, akauacha mji akaenda kuishia Lampsacus. Ugomvi huo basi ni wa zamani kuliko Kanisa na kuliko Uislamu.

Nije sasa kwenye jambo ambalo wasikilizaji wa pwani walijua kuliko mimi. Mwislamu ana sala tano, na kila moja ina wakati wake uliofungwa na jua. Adhuhuri huingia jua likiisha kupinduka. Alasiri, kwa kauli ya wengi, huingia kivuli cha kijiti kilichosimamishwa kikizidi kile kivuli cha mchana kwa kadiri ya urefu wa kijiti chenyewe. Neno hili laonekana jepesi, lakini kivuli cha Dameski si kivuli cha Lamu, wala cha mwezi huu si cha mwezi ujao. Tena iko kibula: mtu aliye mbali na Maka atajuaje aelekee wapi? Hapo hapana budi kujua mahali pa miji juu ya mviringo wa dunia, nayo ni hesabu nzito. Mwaka 997, al-Biruni akiwa kijana huko Kath, katika nchi ya Khwarazm, alipatana na Abu al-Wafa wa Baghdad watazame kupatwa kwa mwezi kumoja, kila mtu katika mji wake. Wakalinganisha saa zao, wakajua miji hiyo imeachana kiasi gani mashariki na magharibi. Baadaye, akiwa Ghazna, alitunga kitabu kizima cha namna ya kupima mahali pa miji, na haja mojawapo ilikuwa kupata kibula.

Misikiti mikubwa ikaweka mtu wa kazi hiyo, aliyeitwa muwakiti, yaani mtunza nyakati. Ibn al-Shatir alikuwa muwakiti wa Msikiti wa Bani Umayya huko Dameski, na mwaka 1371 alitengeneza bamba kubwa la kusomea saa kwa kivuli cha jua. Lakini hakukoma kwenye saa za sala. Alizitengeneza upya hesabu za mwendo wa mwezi, maana za Ptolemy hazikumridhisha. Hata katika miaka ya 1950 wataalamu wakaona kuwa mwendo wa mwezi aliouchora ni ule ule alioutoa Copernicus karibu miaka 200 baada yake.

Wala nisiwape kudhani kuwa upande huo mambo yote yalikuwa shwari. Taqi al-Din alijengewa nyumba ya kutazamia nyota mjini Istanbul mwaka 1577; mwaka 1580 ikavunjwa kwa amri ya Sultani Murad III, yule yule aliyeruhusu ijengwe.

Kwa Wakristo haja ilikuwa Pasaka. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu siku ile ya mwezi Machi ambapo usiku na mchana huwa sawa. Lakini mwaka wa Julius Kaisari ulizidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 ni nini? Mtu hupoteza zaidi ya hizo akitafuta kiatu. Lakini zilirundikana karne kwa karne, hata siku hiyo ikasogea siku 10 nzima. Mabaharia wetu wa kale wanalijua jambo hili: mwaka wao wa Nairuzi una siku 365, nao hauongezi siku kila mwaka wa nne, kwa hiyo hurudi nyuma polepole kando ya kaskazi na kusi. Papa Gregory XIII aliamuru Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ifuatwe na Ijumaa ya tarehe 15. Uingereza, kwa kutompenda Papa, ilikaa na hesabu mbovu hata mwaka 1752.

Nalo Kanisa hilo hilo ndilo lililomhukumu Galileo. Copernicus, aliyesema kuwa dunia hulizunguka jua, alikuwa mtumishi wa kanisa kuu la Frombork, na kitabu chake cha mwaka 1543 alimtolea Papa Paulo III kwa heshima. Kilikatazwa mwaka 1616 tu, hata kisahihishwe. Galileo aliandika kitabu chake cha mwaka 1632 kwa Kiitalia, kila msomaji aelewe, na hoja aliyoipenda Papa Urban VIII akaitia kinywani mwa mtu mjinga. Papa alikuwa rafiki yake. Nadhani dharau hiyo iliuma kuliko nyota zote. Tarehe 22 Juni 1633, mzee wa miaka 69, alipiga magoti mjini Roma akayakana maneno yake, kisha akafungwa nyumbani hata alipokufa mwaka 1642.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1655, miaka 22 tu baada ya hukumu ile, wakuu wa kanisa la San Petronio mjini Bologna walimpa Cassini ruhusa ya kutoboa tundu juu, mita 27 kutoka sakafuni, na kuchora mstari wa mita 67 hivi sakafuni. Kila adhuhuri mwanga wa jua hupita juu ya mstari huo. Shabaha yake ilikuwa kupima mwaka kwa ajili ya Pasaka. Lakini Cassini alipima pia upana wa ule mwanga kila majira, akaona kuwa jua huonekana likipungua na kukua kidogo tu, nusu ya kiasi kilichotazamiwa na hesabu za kale. Maana yake, mwendo ule hauonekani tu kuwa wa kasi na wa polepole kwa sababu ya umbali; wenyewe hubadilika kweli, kama alivyosema Kepler, mfuasi wa Copernicus. Haukuwa ushahidi kuwa dunia huzunguka, na Cassini alikuwa mwangalifu wa ulimi. Lakini Kepler alithibitishwa ndani ya kanisa, kwa fedha ya kanisa, na vitabu vyake vikiwa vimekatazwa.

Orodha ya vitabu vilivyokatazwa iliyotolewa mwaka 1835 haikuwa tena na cha Copernicus wala cha Galileo. Papa Yohane Paulo II alikiri kosa la waamuzi wale mwaka 1992. Mstari wa Bologna ungaliko, na kukiwa hakuna mawingu, duara la mwanga hulipita saa sita ya mchana kati ya mabenchi.