Dereva, utingo na manamba: Historia ya kazi ya basi jijini Nairobi

KILA aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya anaikumbuka ile orodha ya msamiati wa kazi. Rubani huendesha ndege, nahodha huongoza chombo baharini, sogora hupiga ngoma, dereva huendesha gari na utingo hupokea nauli. Tuliikariri hadi ikatukaa kichwani.

Sasa hebu simama Odeon au Kencom, katikati ya jiji la Nairobi, saa kumi na mbili jioni, utege sikio. Utamsikia dereva, naam. Huyo yupo. Lakini utingo humsikii. Utasikia konda, makanga, manamba, kamagera na skwodi. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniambia, "Prof, utingo ni wa mtihani, makanga ni wa barabara." Alisema kweli, ila ukweli huo una historia ndefu. Dai langu katika makala haya ni kwamba maneno hayo ya barabarani yametunza kumbukumbu ya jinsi kazi ya basi ilivyotoka kwenye mshahara na kuwa kibarua cha kutwa. Kumbukumbu hiyo inatuhusu leo, kwa kuwa serikali inapanga mabasi mapya.

Mabasi ya umma yalianza kazi Nairobi mwaka wa 1934, kampuni ya Overseas Motor Transport ya London ilipoleta mabasi 13. Huduma hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Kenya Bus Service, au KBS kama tulivyozoea kusema. Pamoja na mabasi yakaja maneno: basi, dereva, kondakta, tiketi, dipo, inspekta. Ni ya mkopo kutoka Kiingereza takriban yote, na hilo si ajabu, kwa maana kazi yenyewe ilikuja na Mwingereza. Tazama lakini yanavyoshikana. Dereva alikuwa na zamu, zamu ilikuwa na ratiba, ratiba ilisimamiwa na inspekta, na jioni basi lilirudi dipo. Ni msamiati wa ajira. Ndani yake mna mwajiri, mwajiriwa, saa za kazi na malipo ya mwezi.

Tusiitamani enzi hiyo kupita kiasi. Kampuni ilikuwa ya wageni, na abiria Mwafrika alijua hivyo. Mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Mau Mau walitoa amri ya kususia mabasi jijini Nairobi, na watu wakatembea kwa miguu hadi kazini. Hata hivyo, wafanyakazi wa uchukuzi walikuwa miongoni mwa waliojipanga vizuri zaidi mjini. Fred Kubai, aliyekuja kuhukumiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, aliibukia katika chama cha wafanyakazi wa uchukuzi. Mnamo Mei 1, 1949, yeye na Makhan Singh waliasisi shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Walipokamatwa Mei 1950, Nairobi iliingia katika mgomo mkuu. Kwa hivyo dereva wa mjini wakati huo hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa na chama, na chama kilikuwa na sauti katika siasa za ukombozi.

Uhuru ulipokuja, Baraza la Jiji liliipa KBS mwaka wa 1966 haki ya kuendesha mabasi mjini peke yake, nalo baraza likachukua robo ya hisa. Tatizo ni kwamba mji haukungoja. Sensa ya 1969 ilihesabu wakazi takriban 509,000, na ile ya 1979 ikahesabu karibu 828,000. Kangemi, Kawangware na Dagoretti, upande wa magharibi, zilijaa watu kuliko mabasi yaliyoweza kuwabeba. Pengo hilo ndilo lililojazwa na gari bovubovu lililobeba watu kinyume cha sheria kwa senti 30, yaani vipande vitatu vya senti kumi.

Hapo ndipo tulipopata neno matatu. Kisarufi ni neno la ajabu kidogo. Lilianza kama kivumishi cha idadi kilichonyang'anywa nomino yake. Katika Kikuyu, ambamo lilizaliwa, waliohesabiwa ni mapeni, nayo yalikuwa matatu. Peni zikapotea, idadi ikabaki, kisha ikawa nomino kamili: matatu imejaa, matatu zimejaa. Nauli yenyewe ilipanda zamani, lakini jina halikupanda. Tanzania nako ni vivyo hivyo. Jina daladala linatokana na dala, sarafu ya shilingi tano, na lilishika kasi pale mabasi ya shirika la UDA, lililoundwa mwaka wa 1974, yaliposhindwa kuubeba mji wa Dar es Salaam. Miji miwili, serikali mbili zenye sera tofauti kabisa, na kote gari la watu wa kawaida likapewa jina la nauli yake.

Mwaka wa 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila kutafuta leseni za uchukuzi zilizohitajika. Sheria ya 1984 ikazitambua rasmi. Mwaka wa 1986 serikali ilijaribu njia nyingine kwa kuanzisha mabasi ya Nyayo, ambayo kufikia katikati ya miaka ya tisini yalikuwa yameporomoka. Kampuni ya Stagecoach kutoka Scotland iliinunua KBS mwaka wa 1991, kisha mwaka wa 1998 ikawauzia wawekezaji wa hapa nchini na kuondoka. Kampuni ile kubwa ikanywea, na barabara ikawa ya matatu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika miaka ya themanini, na nilipanda vyote viwili. Basi la KBS liliondoka saa yake ikifika, hata likiwa na abiria wachache. Matatu iliondoka ikijaa. Tofauti hiyo watu huieleza kwa tabia: ati dereva wa basi alikuwa mstaarabu na wa matatu ni mhuni. Mimi sikubali. Wengine walikuwa mtu yuleyule aliyebadilisha gari! Kilichobadilika ni namna ya kulipwa. Dereva wa KBS alilipwa mshahara, basi lijae lisijae. Dereva wa matatu hupewa tageti, yaani kiasi cha pesa ambacho lazima kimfikie mwenye gari jioni. Akishatoa tageti, mafuta, ada za steji na kile kitu kidogo cha njiani, kinachobaki ndicho chake na makanga wake.

Ukiielewa tageti, umeielewa matatu. Utajua kwa nini nauli ya Kangemi hupanda mvua ikinyesha, kwa nini gari hupanda ukingo wa barabara Waiyaki Way ikitanua kukwepa foleni, na kwa nini dereva yuko barabarani tangu saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku ilhali Sheria ya Trafiki inamkataza kuendesha zaidi ya saa nane kwa siku. Kila dakika ya kusimama inatoka mfukoni mwake.

Maneno nayo yakafuata pesa. Skwodi ni dereva au konda asiye na gari, anayeshikilia usukani au mlango kwa raundi mbili tatu mwenzake akapumzike. Tanzania wanamwita deiwaka, na hapo mkopo unajieleza wenyewe: mfanyakazi wa siku. Kamagera huita abiria stejini kwa malipo madogo kwa kila gari inayojaa. Mwenye gari Tanzania hupelekewa "hesabu", nasi huku tunasema tageti. Huu ni msamiati mwingine kabisa. Zamu hazimo, dipo halimo, mshahara haumo. Kila neno linataja kipande cha siku au kipande cha pesa.

Na manamba je? Kule Tanganyika, enzi za ukoloni, manamba walikuwa vibarua wa mashamba ya mkonge, waliotolewa mbali na kutambuliwa kwa namba. Nairobi, manamba ni yule anayepaza sauti stejini na kuning'inia mlangoni. Ukiyaweka matumizi haya mawili kando kwa kando, yanakumbusha jambo lilelile: mtu ambaye kazi yake inafahamika, namba inafahamika, lakini jina lake halimo katika daftari la mwajiri yeyote.

Ajabu ni kwamba namba za njia zenyewe ni urithi wa KBS. Anayekwenda Kangemi na Uthiru bado anatafuta 23. Wa Kawangware anapanda 46, ipitie Hurlingham na Yaya. Matatu zilirithi njia, zikarithi namba na zikarithi abiria. Masharti ya kazi ndiyo hayakurithiwa.

Majaribio ya kurekebisha hali hii hayajakosekana. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa manjano, sare ya samawati iliyokoza kwa dereva na ya hudhurungi nyekundu kwa kondakta. Kanuni za 2014 zikataka magari yawe chini ya kampuni au chama cha ushirika chenye angalau magari 30. Sare zilivaliwa. Sacco zikaundwa. Lakini chini ya sare tageti ilibaki palepale, na maneno makanga na skwodi hayakwenda popote. Mimi huyachukulia maneno kama hayo kuwa ushahidi. Siku kazi itakapobadilika kwa kweli, yatazeeka yenyewe, kama inspekta alivyozeeka.

Sasa kuna mpango wa mabasi ya mwendo kasi chini ya NaMATA, mamlaka iliyoundwa mwaka wa 2017. Njia zake zimepewa majina ya wanyama, na ya Kiswahili safi: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Ndovu ndiyo itakayopita Kangemi kutoka Limuru kuelekea katikati ya jiji. Nimefurahi kuona Kiswahili kimepewa nafasi hiyo. Ila mjadala ninaousikia ni wa njia, vituo, aina ya mafuta na rangi ya mabasi. Anayeshika usukani hatajwi. Ataajiriwa na nani? Atalipwa kwa mwezi au kwa tageti? Na yule makanga, skwodi na kamagera wa leo, watakwenda wapi? Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendo kasi yalianza Mei 2016, abiria hukata tiketi kabla ya kupanda. Konda hana nafasi ndani ya basi hilo. Nairobi nayo itakutana na swali hilohilo, na maelfu ya vijana wetu wanaishi kwa kazi ya mlangoni.

Wenye kupanga wamepata majina ya njia. Naomba watafute pia jina la kazi, na nikisema jina nina maana ya mkataba, zamu, chama na pensheni. Dereva wa 46 anastahili jibu kabla basi la kwanza halijanunuliwa. Na sisi tunaotunga vitabu vya shule tuna deni letu. Tukimfundisha mtoto kwamba utingo ni mpokea nauli, tumweleze pia kwa nini yule anayempokea nauli yake kila asubuhi haitwi hivyo.