Cha Uvunguni

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini kwa miaka mingi waunda magari ya mbio hawakuinama. Walipotambua, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwamba hewa inaweza kuligandamiza gari kwenye lami na kuzipa tairi mshiko zaidi katika kona, walitazama juu. Walifunga mabawa yaliyopinduliwa kwenye nguzo ndefu. Nguzo zikavunjika, magari yakaacha njia kwa kasi kubwa, na mwaka 1969 mabawa hayo marefu yakapigwa marufuku.

Uvungu ulikuwa unawasubiri muda wote huo. Hewa ikibanwa kupita penye wembamba huongeza kasi, na kasi yake ikiongezeka, kanieneo yake hupungua. Daniel Bernoulli alikwisha kulieleza jambo hili kwa vimiminika katika kitabu alichochapisha mwaka 1738. Nafasi kati ya sakafu ya gari na barabara ni penye wembamba pa namna hiyo. Kanieneo ya chini ikipungua, hewa iliyo juu ya gari hulisukuma kuelekea lami, bila gari kuongezewa hata kilo moja ya chuma.

Mmarekani Jim Hall wa Texas aliinama mapema, ila kwa njia ya mkato. Gari lake la Chaparral 2J la mwaka 1970 lilikuwa na feni mbili nyuma, zikiendeshwa na injini ndogo ya gari la thelujini, zikivuta hewa kutoka uvunguni huku sketi za plastiki zikiziba pembeni. Lilikwenda kwa kasi ya kutisha na likaharibika mara kwa mara. Msimu ulipokwisha likapigwa marufuku.

Waliofika mbali zaidi ni Lotus wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ambao kiwanda chao kipo Hethel, palipokuwa na uwanja wa ndege za kivita. Mwaka 1975 ulikuwa mbaya kwao katika Formula 1. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni, alimwandikia mhandisi Tony Rudd waraka mrefu akimtaka aanze kufikiri upya gari la mbio ni kitu gani hasa. Rudd akakusanya kikundi kidogo katika jumba la kale la Ketteringham Hall. Miongoni mwao alikuwemo Peter Wright, ambaye hapo awali, yeye na Rudd wakiwa katika timu ya BRM, alikuwa amehangaikia gari lenye mwili wa umbo la bawa. Mradi ule ulifutwa kabla ya kushindana popote.

Wright alipeleka modeli yenye ukubwa wa robo ya gari kwenye handaki la upepo la Imperial College, London. Chini ya modeli ulizunguka mkanda badala ya barabara, maana katika gari la kweli barabara nayo hupita kwa kasi chini ya sakafu, na handaki lisilo na mkanda hudanganya. Baada ya muda vipimo vilianza kuyumba. Upepo ule ule, modeli ile ile, namba tofauti. Walipochungulia kwa makini waliona masanduku ya ubavuni yakilegea na kushuka kuelekea mkanda kila kasi ilipopanda. Wakayakaza kwa waya ili yasishuke, na mgandamizo ukaporomoka. Ndipo wakafanya kinyume: wakabandika vipande vya kadibodi kwenye kingo za masanduku, vikabakiza upenyo mwembamba tu juu ya mkanda. Mgandamizo ukawa kama mara mbili ya ule wa mwanzo.

Hapa napenda kusimama kidogo. Mafundi wengi wangeitengeneza modeli iliyolegea, wakapata namba zilizotulia na kwenda nyumbani wameridhika. Kikundi kile kiliuliza kwa nini ulegevu unaleta faida, na jibu lilikuwa kwenye upenyo. Hewa ya pembeni isipoingia, kanieneo ya uvunguni hubaki chini. Ikiingia, kazi yote ya umbo la sakafu hupotea.

Lotus 78 iliingia mashindanoni Argentina mwezi wa Januari 1977, na mwaka huo Mario Andretti akashinda mbio nne na Gunnar Nilsson moja. Kasoro yake ni kwamba mvuto ulikaa mbele mno, hivyo ilibidi bawa kubwa la nyuma lisawazishe, na bawa hilo lilipunguza kasi katika njia iliyonyooka. Lotus 79 ya mwaka 1978 ikaweka mafuta yote katika tangi moja nyuma ya dereva, pembeni pakabaki pasafi kwa ajili ya hewa. Andretti akawa bingwa wa dunia. Mwenzake, Ronnie Peterson, aliumia katika mbio za Monza mwezi wa Septemba mwaka huo akiwa kwenye ile 78 ya zamani, akafariki siku iliyofuata.

Chapman alitaka zaidi. Lotus 80 ya mwaka 1979 ilipanua uvungu kutoka mbele hadi nyuma, nayo ikaanza kudundadunda barabarani: sakafu ilivutwa chini, hewa ikakwama, mvuto ukakatika, gari likanyanyuka, kisha mzunguko ukaanza tena. Ugonjwa huo huo uliwarudia Mercedes mwaka 2022, sheria mpya zilipouruhusu tena uvungu wenye mifereji. Mwaka uliofuata ililazimu kingo za sakafu ziinuliwe milimita 15.

Sketi zilizoziba ule upenyo wa pembeni nazo zilikuwa na hatari yake. Ikikwama juu katikati ya kona, mshiko uliokuwepo sekunde iliyopita hutoweka, na dereva hana onyo. Zile za kuteleza juu na chini zikapigwa marufuku kuanzia mwaka 1981, na mwaka 1983 magari yakalazimishwa kuwa na sakafu bapa kati ya tairi za mbele na za nyuma. Wahandisi walibakiwa na kipande kifupi kuanzia tairi za nyuma kwenda mkiani, ambapo sakafu iliweza kupandishwa taratibu ili hewa ipanuke na kupunguza mwendo kwa mpangilio. Kipande hicho ndicho difyuza. Kwa maoni yangu, uvungu wa magari mengi ya michezo ya leo ulichorwa na marufuku zaidi kuliko mawazo ya wahandisi.

Gari la barabarani, kwa kweli, halikuhitaji kupigwa marufuku. Hakuna sketi inayoweza kuishi na mashimo, matuta na kingo za maegesho. Basi Lotus walipozindua Elise mwaka 1995, gari dogo la takriban kilo 725 lenye chesisi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, walichukua lile lililobaki: sakafu bapa na difyuza nyuma. Hewa iliyopoza rejeta ya mbele waliitolea juu ya boneti, isije ikamwagika uvunguni.

Wenye Elise wanaoipeleka kwenye viwanja vya mbio wamekuwa wakiendeleza kazi kutoka hapo. Hufunga bamba chini ya injini, huongeza mdomo bapa chini ya bampa la mbele, hurefusha difyuza. Kila hatua ina bei yake. Bamba hufungia joto la injini na kumzuia fundi kumwaga oili bila kulifungua. Difyuza ikipandishwa kwa pembe kali, hewa huachana nayo na kuzungukazunguka hovyo; ndiyo maana wengi hubaki kwenye nyuzi chache tu, karibu na kumi. Ili kuona hewa inakwenda wapi, hubandika vipande vya uzi wa sufi chini ya gari na kuvipiga picha kwa kamera ndogo. Ili kujua mgandamizo, hupima springi zimebonyea kiasi gani kwa kasi fulani, wakikumbuka kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, mgandamizo huongezeka mara nne.

Mdomo wa mbele ni rahisi kuutengeneza, kwa hiyo ndio wengi huanza nao. Mbele hushika vizuri, nyuma hubaki nyepesi vile vile, na katika kona ya kilomita 160 kwa saa gari lenye injini nyuma ya kiti huwa tayari kugeuka kabla dereva hajataka. Wenye uzoefu huanza na nyuma.