Upandikizaji wa Mafuta Katika Uundaji Upya wa Titi

Upandikizaji wa mafuta ni istilahi ya upasuaji inayotaja uchotaji wa tishu ya mafuta katika sehemu moja ya mwili wa mgonjwa, aghalabu tumbo au paja, na uwekaji wake katika sehemu nyingine ya mwili huohuo. Kwa mwanamke aliyepasuliwa saratani ya titi, tishu hiyo huziba pengo lililoachwa na uvimbe, hufunika kingo za titi la silikoni au, kwa awamu kadhaa, huunda titi zima.

Neno mafuta lahitaji tahadhari, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa kimiminika, kama mafuta ya nazi, na pia kwa shahamu ya mwilini, ambayo ni tishu hai yenye seli na mishipa midogo ya damu. Kinachopandikizwa ni hiyo shahamu, ilhali mafuta yanayovuja kutoka katika seli zilizopasuka hutengwa na kumwagwa. Ndiyo maana tafsiri ya “kudunga mafuta” hupotosha. Kitenzi kupandikiza, kwa upande wake, kinafaa, kwani pandikizo, kama mche wa mpunga uliong’olewa kitaluni, hutenganishwa na chanzo cha uhai wake na hufa lisiposhika. Hapo ndipo linapotofautiana na kipande cha ngozi na nyama kinachohamishwa pamoja na mishipa yake: pandikizo hutegemea oksijeni inayopenya kutoka tishu jirani mpaka kapilari mpya, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ziote.

Sharti hilo ndilo lililounda mbinu zenyewe. Mwaka 1895 Vincenz Czerny, daktari wa Heidelberg, Ujerumani, aliziba pengo la titi kwa lipoma, yaani uvimbe wa mafuta usio wa saratani, akiuhamisha ukiwa mzima. Karne moja baadaye Sydney Coleman wa New York alieneza utaratibu wa kuvuta tishu kwa bomba la sindano bila nguvu nyingi, kuizungusha katika mashine ili itengane na maji na mafuta yaliyovuja, kisha kuipenyeza kwa kanula, yaani mrija mwembamba, katika michirizi myembamba ya tabaka mbalimbali, ili kila mchirizi uzungukwe na tishu yenye damu.

Tishu nyingi ikirundikwa mahali pamoja, kiini cha rundo hufa na kugeuka kifuko cha mafuta au chembe za chokaa. Kwa kuhofia kwamba chembe hizo zingetatiza usomaji wa mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, chama cha madaktari wa upasuaji wa plastiki wa Marekani kilipinga upandikizaji wa mafuta katika matiti mwaka 1987, na msimamo huo ulilegezwa mwaka 2009. Kwa kuwa sehemu ya pandikizo hufyonzwa na mwili, hasa katika miezi ya mwanzo, mafanikio hupimwa kwa kiasi kilichoshika, wala si kwa mililita zilizotiwa, na aghalabu awamu nyingine huhitajika.