Mukutano wa wahakeri kule Ujerumani: namna ya kwenda na kurudi na faida

Hapa kwetu, ukisema hakeri, watu wengi wanafikiria mwizi wa feza za ku telefone, yule anatuma mesaji ya uongo kusema umeshinda zawadi. Lakini kwa wenye kazi hiyo, hakeri ni mutu anayefungua chombo ili ajue kinatembea namna gani, na aonyeshe fasi kilipo zaifu mbele mwizi aione. Moja ya mikutano mikubwa ya watu hao katika Ulaya inaitwa Chaos Communication Congress. Inafanyika Ujerumani, kwa kawaida kuanzia tarehe 27 mpaka 30 mwezi wa 12.

Kwa fundi wa ordinatere, muandishi wa habari ao mutetezi wa haki za watu mwenye kutoka majimbo ya mashariki, safari hiyo ni feza nyingi. Mara nyingi ni kikundi ao shirika ndilo linachanga ili mumoja aende. Kwa hiyo ni vizuri kujua mbele fasi gani faida inapatikana.

Ulianza namna gani

Klabu inayoutayarisha, Chaos Computer Club, ilianzishwa Berlin katika mwaka wa 1981. Mukutano wa kwanza ulifanyika Hamburg mwaka wa 1984. Mwaka huohuo klabu ilijulikana katika inchi nzima: kwa usiku mumoja ilitumia mutandao BTX wa posta ya Ujerumani kufanya benki moja ya akiba ya Hamburg idaiwe karibu marke 135 000 kwa faida ya klabu. Kisha wakaita waandishi wa habari, wakaeleza namna walifanya, na feza zikarudishwa. Kuonyesha kosa mbele ya watu bila kula feza ya mutu, hiyo njo tofauti wanayoshikilia mpaka leo.

Mukutano ulihama mara nyingi, Berlin, Hamburg, tena Leipzig, ambako mwaka wa 2019 watu karibu 17 000 walifika. Korona ikaukatisha. Tangu 2023 umerudi Hamburg.

Tiketi si viza

Tiketi zinauzwa ku intaneti miezi kidogo mbele ya mukutano, na zinaisha haraka sana. Vikundi vyenye kujulikana na klabu vinapataka nafasi ya kununua mbele ya wengine. Kwa hiyo mwenye kutaka kwenda atafute kikundi kama hicho mapema na ajitambulishe.

Viza ya Schengen ni shuri ingine. Mukaaji wa Kongo anaiombea Kinshasa, na kwa mutu wa mashariki hiyo ni safari mbele ya safari. Ombi linaweza kuwekwa miezi 6 mbele, na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida linatoka kwa siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Inaomba bima ya afya ya euro 30 000, na tangu 2024 mutu mukubwa analipa euro 90, zenye hazirudishwe hata viza ikikataliwa. Mwenye kungojea tiketi ndipo aanze kutafuta paspoti amekwisha kuchelewa.

Usikae siku nzima ndani ya sale

Kosa la wengi wa mara ya kwanza ni kukimbia kutoka mafundisho moja kwenda ingine kuanzia asubui mpaka usiku. Karibu mafundisho yote makubwa yanarekodiwa na kuwekwa bure ku media.ccc.de. Yatasikilizwa hata nyuma ya kurudi nyumbani.

Kitu chenye hakirekodiwe ni watu. Vikundi vinaweka meza zao pembeni, na kuna mazoezi madogo: kuunganisha vipande vya elektroniki, kufungua kufuli bila ufunguo, kulinda mesaji. Wengi wanasema Kijerumani na Kiingereza, lakini mwenye Kifaransa hakose wa kuongea naye. Afazali kufika na maulizo matatu yaliyoandikwa, yenye kutoka kwa wenzake wa nyumbani. Kwa mufano: telefone yenye majina ya watu wanaotoa habari ikikamatwa ku bariere, nini itaonekana? Intaneti ikikatwa, kama ilivyokatwa Kongo nyuma ya uchaguzi wa mwezi wa 12 mwaka wa 2018, habari zitapita wapi?

Njia ingine ya kujulikana na watu ni kazi. Mukutano unabebwa na watu wa kujitolea wanaoitwa malaika, na ofisi yao inaitwa mbinguni. Ni sawa na salongo: unasimama ku mulango, unabeba viti, unasaidia kutafsiri. Mwenye kufanya masaa ya kutosha anapewa chakula cha moto, na anajua watu wengi kuliko yule aliyekaa akiangalia tu.

Sheria za kuheshimu

Hapigwe mutu picha bila ruhusa yake, na hiyo inagusa hata wale wanaoonekana nyuma. Mashauri ya wazee wa mukutano ni 6-2-1: kila siku kulala masaa 6, kula mara 2, kuoga mara 1.

Vyombo pia vinaomba akili. Majina na mesaji zenye zinaweza kuumiza watu zibaki nyumbani. Afazali kubeba telefone yenye kuwa na vitu kidogo, programu zake zikiwa mupya. Mambo ya kujifunza yanajaribiwa tu ku chombo chako, ao cha mutu aliyekubali. Hapa Kongo, Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023 inaazibu kuingia katika ordinatere ao mutandao wa mwengine bila ruhusa, hata kama ulitaka kujaribu tu.

Nyuma ya kurudi

Faida ya safari inapimwa nyumbani. Katika juma mbili za kwanza, mbele mambo hayajasahauliwa, aliyetumwa aite wenzake na wenye kabine za feza, aonyeshe kitu kimoja ao viwili vyenye vinaweza kutumika kesho yake: namna ya kutambua mesaji ya wezi, namna ya kufunga telefone na kodi ya nguvu.

Na mwenye hatapata viza asikate tamaa. Mafundisho yanapita ku intaneti siku yenyewe, mengi na tafsiri. Nyuma yake yanapatikana pia kwa sauti tu, na hiyo inakula mega kidogo. Mutu mumoja mwenye koneksio nzuri anaweza kuyashusha, ayaweke ku fleshi, ayapitishe kwa kikundi kizima.